"Haipo kwenye katalogi" siyo bei

Posti ya leo ni ndefu kidogo, chukua chai kabisa.

Wiki hizi mbili nimepita sana kwenye kurasa za wauzaji wenzetu na kuna neno moja nimelikuta limechakaa kuliko shati la chini ya belo. ADIMU. Kofia adimu. Saa ya ukutani adimu. Jagi la plastiki, adimu sana, iko moja tu mjini, wahi. Kwenye komenti swali ni lile lile, "bei?", halafu mteja anapotea. Muuzaji mmoja kaniandikia inboksi kwamba shida ni wateja wa Bongo, hawajui thamani ya vitu. Mimi nabisha. Shida ni sisi tunaoamini kwamba kitu kikiwa kimoja tu basi bei inajileta yenyewe. Haijileti. Na watu wanaoonyesha hilo vizuri kuliko wote siyo wa hapa kwetu, ni Wamarekani wanaouza kadi za zamani za besiboli.

Najua mtasema huyu na besiboli wapi na wapi. Mimi nauza kofia na jaketi za mtumba, na mzigo wa Marekani una herufi za timu kila mahali. NY, B, P ya Pittsburgh. Mteja akiuliza hii herufi ya nini, lazima niwe na jibu. Ndiyo nikaanza kusoma, kutoka kofia nikaingia kwenye kadi, na huko kwenye kadi sijatoka mpaka leo.

Kadi zenyewe ni vikaratasi vigumu vyenye picha ya mchezaji. Zamani kampuni za sigara zilikuwa zinaviweka ndani ya pakiti, kazi yake ya kwanza kuifanya pakiti isipondeke, kazi ya pili kukufanya ununue pakiti nyingine upate mchezaji mwingine. Baadaye wakaingia watu wa peremende na bigijii. Wale mliokua na bigijii zenye stika ndani mnaelewa mchezo ulivyo. Seti inayojulikana kuliko zote ilitoka kati ya 1909 na 1911, ya American Tobacco Company, inaitwa T206. Kadi ni ndogo kuliko kitambulisho cha NIDA. Moja kati ya hizo, ya Honus Wagner wa Pittsburgh, mwaka 2022 iliuzwa dola milioni 7.25. Hadithi maarufu ni kwamba Wagner hakutaka sura yake iwauzie watoto sigara akakataa, wengine wanasema alitaka alipwe kwanza. Vyovyote vile, uchapaji ukasimama mapema, na leo zinajulikana kama 50 na kitu, 60 hazizidi sana.

Ukisikia hivyo unasema, si umeona, adimu ndiyo hela! Subiri.

Mwaka huo huo 2022 kadi iliyovunja rekodi ya dunia haikuwa ya Wagner. Ilikuwa ya Mickey Mantle, Topps ya 1952, ikaenda dola milioni 12.6. Na kadi hiyo siyo adimu hata kidogo. Zilizopelekwa kupimwa kitaalamu peke yake zinazidi elfu moja. Tena kwenye karatasi kubwa ya kiwandani, kadi ya Mantle ilichapwa mara mbili, kwa hiyo zilitoka nyingi kuliko za wenzake wengi waliokuwa karatasi moja naye. Iliyofika milioni 12.6 ilikuwa safi ajabu, kama imetoka kiwandani jana, na Mantle kwa Wamarekani ni mtu mkubwa sana.

Upande wa pili kuna Joe Doyle. Naye yumo kwenye ile T206 ya Wagner. Kwenye kadi chache za mwanzo mchapaji alichanganya, akamwandikia timu ya New York ya ligi ya National wakati yeye alikuwa wa ligi nyingine, jina lake lilifanana na la Doyle mwingine. Wakarekebisha haraka. Kadi za Doyle zenye kosa zinazojulikana ni chache kuliko za Wagner, na bei yake haijawahi kuifikia ya Wagner. Uadimu ungekuwa ndiyo bei, Doyle angekuwa juu ya Wagner na Mantle angeuzwa kwa bei ya soda.

Sasa ninachotaka kusema hasa kiko kwenye kadi za daraja lingine kabisa, zile ambazo hazimo kwenye orodha yoyote. Wenyewe wanaziita kadi zisizo na katalogi. Hapo ndipo sisi wauza vitu vya mtaani tunafanana nao, maana nusu ya vitu tunavyotoa kwenye belo havina orodha popote.

Kwanza muelewe katalogi ilitoka wapi. Jefferson Burdick alizaliwa 1900, akaishi Syracuse, jimbo la New York. Hakuwa tajiri wala profesa. Alikuwa fundi kiwandani, anaunganisha vifaa vya umeme, na alikuwa na ugonjwa wa viungo uliomtesa miaka na miaka mpaka vidole vikakakamaa. Huyu ndiye aliyekaa chini akaorodhesha kadi za Marekani, siyo za besiboli tu, za kila kitu: ndege, wanyama, waigizaji, bendera, matangazo ya duka. Toleo la kwanza la kazi yake lilitoka 1939, baadaye likaitwa American Card Catalog. Kila kundi akalipa herufi. T ni tumbaku ya karne ya 20. N ni tumbaku ya karne ya 19. E ni peremende na bigijii za mwanzo. D ni mikate, F vyakula. Halafu namba. Ile T206 ni namba aliyoipanga yeye, na mpaka leo mtu analipa mamilioni kwa kitu kinachoitwa kwa jina alilotoa fundi wa kiwandani.

Hapa msome polepole. Kabla ya Burdick mtu angekuandikia barua kwamba anazo kadi za sigara zenye wachezaji. Zipi? Za kampuni gani? Za lini? Mnaweza kuandikiana miezi mitatu na hamjaanza biashara. Baada ya Burdick anaandika "T206, Cobb, nyuma Piedmont" na mtu aliye upande wa pili wa nchi anajua tayari. Katalogi ilifanya watu wasiojuana waweze kuongea kitu kimoja. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya muuzaji yeyote wa mtandaoni, na ndiyo tunayoikwepa kwa kuandika ADIMU.

Kazi ya pili ya katalogi ni kutengeneza njaa. T206 ina kadi 524. Ukishajua ni 524, ukawa nazo mia tano na kitu, zile zilizobaki zinakunyima usingizi. Wakusanyaji wengi wanahesabu 520 kisha wanasamehe nne zisizoshikika: Wagner, Eddie Plank, yule Doyle, na Sherry Magee ambaye jina lake lilikosewa likaandikwa Magie. Angalia, mtu ananunua ili kuziba pengo. Pengo linaonekana kwa sababu kuna orodha. Kitu kisicho kwenye orodha hakina pengo la kuziba kwa mtu yeyote. Hakuna aliyelala jana akikiwaza.

Ndiyo maana kadi isiyo na katalogi, hata iwe moja duniani, siku ya kwanza sokoni inaweza kuuzwa hela ndogo tu. Kuna kadi za zamani zilizokuwa zinauzwa zikiwa mkanda mmoja, mtoto anazikata na mkasi, zimepinda, picha zimechorwa vibaya mpaka mchezaji hajitambui. Nyingine hazionekani miaka na miaka, na bado ni za bei ya chini. Ni adimu na hazina mtu.

Zinakujaje kukosa orodha? Njia ni nyingi na zote nazipenda. Nyingine zilitolewa na kiwanda cha mikate au cha maziwa cha mji mmoja, msimu mmoja, zikaishia hapo. Nyingine ni karatasi za majaribio za mchapaji. Nyingine mbele zinajulikana ila nyuma lina tangazo ambalo hakuna aliyewahi kuliona na mchezaji huyo. Halafu kuna Old Judge, kadi za sigara za kampuni ya Goodwin ya New York, kati ya 1886 na 1890. Zile ni picha halisi za kamera zilizobandikwa kwenye kadi. Mchezaji alikuwa anapelekwa studio, mpira unaning'inizwa kwa uzi, anajifanya anaudaka. Kila mchezaji mikao kadhaa. Wachezaji wako mia kadhaa, mikao ni maelfu, na wataalamu wameitafuta miaka mingi lakini mkao mpya bado unajitokeza. Ukitazama baadhi ya picha uzi unauona kabisa. Hao ndio wazee wetu wa picha za bidhaa.

Tuje kwenye fedha, najua mmesubiri.

Mwaka 2012, mji wa Defiance, Ohio, familia moja ilikuwa inasafisha dari la nyumba ya babu, zamani alikuwa na bucha. Wakakuta boksi la kadibodi limejaa masizi. Ndani kadi kama 700 za seti inayoitwa E98, ya 1910, zimefungwa mafungu kwa uzi, safi kuliko zozote zilizowahi kuonekana za aina hiyo. Kina Cobb, Cy Young, Wagner. Yule mrithi aliyezishika kwanza hakuposti "adimu, wahi". Alituma kadi nane kwa wataalamu wa nyumba ya mnada wazitazame. Urithi ulikuwa wa binamu 20, akawaambia wote, wakagawana. Halafu ikaja sehemu ninayotamani kila muuzaji aisome mara mbili: hawakuuza zote kwa mpigo. Mnada wa kwanza zilitoka kadi 37 tu, zikaingiza zaidi ya dola 500,000. Zilizobaki zikapangwa kutoka kidogo kidogo kwa miaka. Ungemwaga 700 siku moja, ungekuwa umezifanya za kawaida wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Hilo la kumwaga mzigo naliona kila wiki. Mtu kapata jaketi 12 za aina moja kutoka chimbo, anapiga picha moja ya lundo, anaandika "ziko chache". Ndugu yangu, tumeshaziona zote 12.

Na mwaka 2016, kusini mwa Marekani, familia nyingine ilikuwa inapitia mabaki ya nyumba ya mababu. Karibu na vitu vya kutupa kulikuwa na mfuko wa karatasi umekunjamana. Ndani yake kadi saba za Ty Cobb ambazo nyuma zina jina lake yeye mwenyewe kama chapa ya tumbaku. Kabla ya hapo zilikuwa zinajulikana kama 15 tu duniani. Thamani ya mfuko ule ilikadiriwa kupita dola milioni moja. Sasa linganisha na kitu cha mtaani kisicho na orodha. Wale walioukuta mfuko hawakulazimika kumfundisha mtu Cobb ni nani wala nyuma ile ni nini, katalogi ilikuwa imeshafanya kazi hiyo miaka mingi kabla yao. Walihitaji kuthibitishiwa tu kwamba ni zenyewe. Wewe mwenye kitu kisichojulikana una kazi mbili, kuthibitisha na kufundisha, na malipo ya ile ya pili mara nyingi anayapata anayeuza baada yako. Hili linauma lakini ndilo lilivyo, na bei yako ya kwanza ilijue.

Kuna mdau atasema hapa, kaka, hadithi ndiyo inauza. Nimeshaambiwa sana. "Weka stori, sema ilikuwa ya mzungu wa reli, sema ilitoka kwa balozi." Hapa ndipo nakuwa mkali. Kwenye vitu visivyo na orodha ndipo matapeli wanapojificha, kwa sababu rahisi tu: hakuna cha kulinganisha nacho. Ukighushi Wagner, kuna Wagner hamsini na kitu za kupimia. Ukitunga kadi ambayo haijawahi kuwepo, ukaiita "haijawahi kuonekana", umejitengenezea kinga. Wamarekani wameshaletewa kadi nyingi za namna hiyo, za kutungwa tangu mwanzo, zimechakazwa makusudi zionekane zimeishi miaka 100. Kwa hiyo mkusanyaji mzoefu akisikia "haipo kwenye katalogi", moyo wake hauruki kwanza kwa furaha, unashtuka. Anayeuza kitu kisichojulikana anaanza akiwa chini, ana deni la uthibitisho.

Na uthibitisho wao mwingine ni wa kawaida sana. Ile taa ya zambarau tunayokagulia noti bandia dukani na kwa mawakala, wao wanamulikia kadi. Karatasi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazikutiwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo haziwaki. Kadi "ya 1910" ikiwaka bluu, imekwisha hiyo. Ikikataa kuwaka bado hujashinda, maana mtu anaweza kuchapa kwenye karatasi ya zamani. Wanachukua kioo cha kukuzia wanatazama herufi. Kwenye T206 halisi jina la mchezaji ni wino mzima, nakala iliyotokana na kuskani herufi zake ni vidoti vidoti. Wanapima urefu na upana. Wanapima unene. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji digrii, mimi mwenyewe ni wa kidato cha nne.

Halafu kuna dhambi ya kurembesha. Ile Wagner maarufu kuliko Wagner zote, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, yule mchezaji wa magongo ya barafu, iliuzwa dola 451,000 mwaka 1991 na milioni 2.8 mwaka 2007. Ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupewa alama na kampuni ya kupima kadi, PSA, ikapata 8 kati ya 10. Miaka yote minong'ono ilikuwepo kwamba ni safi mno. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara mkubwa wa minada ambaye kadi hiyo ilipita mikononi mwake, alikiri mahakamani katika kesi ya ulaghai, na akakubali kwamba aliikata kingo. Alinunua kadi nzuri, akaipunguza ionekane nzuri zaidi. Mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela, na kesi ilihusu pia kupandisha bei minadani kwa zabuni za uongo.

Kwenye kadi za watu wa kawaida, ukikata kingo umeua thamani yake. Kadi iliyochakaa kwa haki ina bei kuliko iliyopendezeshwa kwa siri. Nawaomba sana wauza mitumba ya zamani mlishike hili. Kushona lebo ya kampuni kubwa kwenye jaketi lisilo na lebo siyo kuboresha mzigo. Jaketi lisilo na lebo linaweza kuwa ndilo la kuvutia, anayejua atalitambua kwa zipu, kwa mshono wa ndani, kwa aina ya kitambaa. Ukishalishonea lebo ya uongo umemnyima kila anayejua sababu ya kukuamini, na siku akikugundua anapiga skrinshoti.

Kuna jambo lingine linanigusa kwenye hizi orodha. Orodha inaandikwa na watu, na inaorodhesha kilichochapwa. Ligi kuu za Marekani ziliwafungia nje wachezaji weusi mpaka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Kampuni za sigara na bigijii zilikuwa zinachapa wa ligi kuu. Kwa hiyo mtu kama Oscar Charleston au Josh Gibson, ambao leo wamo kwenye jumba la heshima la mchezo huo, ukitafuta kadi zao za wakati ule kwenye pakiti za Marekani utahangaika sana. Unatakiwa utafute Cuba, ambako walikwenda kucheza msimu wa baridi na watu wa sigara na peremende wa kule wakawachapa bila kuuliza rangi. Josh Gibson alikufa Januari 1947, miezi michache tu kabla ya Robinson kuingia. Kadi yake inayojulikana zaidi ilitoka Puerto Rico, seti ya Toleteros ya 1950-51, yeye akiwa ameshazikwa. Miaka mingi wakusanyaji wakubwa hawakuzihangaikia kadi hizo za visiwani. Sasa hivi wanazigombania.

Kwa hiyo sisemi kisicho na orodha hakina maana. Nasema kinyume. Kikiwa hakimo, uliza kwanza kwa nini hakimo. Kilikosekana kwa sababu ni takataka hakuna aliyejali, au kwa sababu waliokuwa wanaandika walikuwa hawatazami upande huo? Jibu la pili ndilo lenye hela, na linapatikana kwa kusoma, halipatikani kwa herufi kubwa.

Kuna swali niliulizwa kwenye komenti za posti iliyopita na nikaahidi kulijibu: ukimkuta bibi ana kitu cha thamani na hajui, unamwambia? Wengi mliandika "biashara ni biashara". Mimi natenganisha hivi. Ukinunua belo limefungwa, muuzaji hajui kilichomo na wewe hujui, kinachotoka ni halali yako, hata kikiwa cha milioni. Ukikuta kitu mezani kina bei, ukalipa bei, sawa pia, umetumia jicho lako. Mwaka 2013 kwenye mnada wa Maine iliuzwa picha ya timu ya Brooklyn Atlantics ya 1865, dola 92,000, na aliyeiuza alikuwa ameipata ndani ya albamu aliyonunua kwenye vitu vilivyomwagwa uani kwa mtu. Sioni ubaya. Lakini mtu akikuletea kitu mkononi akakuuliza "mwanangu, hiki ni kitu gani, kina thamani?", hapo amekuuliza swali. Ukijibu "aah, shangazi, hiki elfu tano tu" huku moyo unadunda, hiyo siyo biashara tena, umemdanganya mtu aliyekuamini. Wale wataalamu wa mnada waliotumiwa kadi nane kutoka Ohio wangeweza kujibu kwamba ni za kawaida, tunakununulia zote. Wakasema ukweli, wakapewa mzigo wote wauze, wakala kamisheni yao. Nao walikula.

By the way ile picha ya Brooklyn ina ubishi mzuri. Wengine wanaiita kadi ya kwanza ya besiboli, wengine wanasema ile ni picha ya kawaida tu ya studio iliyobandikwa kwenye kadi, desturi ya wakati ule. Muuzaji aliyeandika ni picha ya studio bado aliuza dola 92,000. Ukweli haukupunguza kitu.

Mtaniuliza sasa tufanyeje leo, siyo Marekani, hapa kwetu. Piga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye habari, kwenye kadi na kwenye nguo pia. Weka rula au sarafu kando ya kitu. Piga karibu pale palipoharibika, usisubiri mteja apaone akiwa ameshalipia bodaboda. Hifadhi picha za vitu ulivyouza, kwenye simu tengeneza albamu, andika tarehe na bei kiliyotoka. Miaka mitatu ikipita una katalogi ya kwako ambayo hakuna aliye nayo, na ukikutana na kitu cha pili kinachofanana utajua la kusema. Na kitu kimoja kimoja, kwa siku tofauti.

Kwenye kapsheni futa ADIMU. Ninayo jaketi moja sasa hivi naiposti kesho, kapsheni yake iko tayari, chukueni kama mfano:

"Jaketi la besiboli, sufi, mikono ya ngozi. Bluu nzito, herufi P kifuani imeshonwa kwa mkono, tazama picha ya 3. Haina lebo, alama ya ilipokuwa lebo ipo shingoni, picha ya 4. Vifungo 6, kimoja si cha awali. Kwapani kushoto pameachia sentimita 2, picha ya 5. Upana wa kifua sentimita 56, urefu 66. Sijapata jaketi lingine lenye P ya namna hii, timu yake bado natafuta. Anayeijua aniambie, punguzo lipo kwake. 45,000."